Choroko za Mwalimu wa Hadithi

Kuku wangu mweupe aliwahi kula maswali ya chuo kikuu, na lawama nikabebeshwa mimi.

Ilikuwa hivi. Mpangaji wangu, ambaye mtaa mzima wa kwetu Bagamoyo ulimwita Mwalimu wa Hadithi, hakuthubutu kuchorachora kwenye karatasi zake. Alikuwa na vipande vya magazeti ya zamani, vimegeuka rangi ya chai, na kila kipande kilikuwa hichohicho, kikiharibika hakuna kingine. Basi akisoma hadithi na kufika mahali pakamkwama, aliweka punje moja ya choroko juu ya neno lile, akaendelea. Hadithi inapokwisha, ukurasa una choroko kumi, kumi na tano. Ndipo anarudi mwanzo, asome tena polepole, na kila punje aliyoipatia jibu anaidondosha kikombeni. Zinazobaki ukurasani ndizo maswali ya wanafunzi.

Siku hiyo aliacha ukurasa kwenye mkeka barazani, akaingia ndani kufuata miwani. Anatoka, kuku kasimama katikati ya hadithi, anadonoa.

"Mama Zuhura! Kuku wako kamaliza maswali!"

"Si una kichwa, Mwalimu? Uliza mengine."

"Haya yalikuwa mazuri."

Alinuna mpaka adhuhuri. Nikamwambia nimchinje yule kuku, huenda tukayakuta bado mazima. Hakucheka. Baadaye nikamsikia peke yake chumbani akicheka kwa nguvu, kama kwamba kichekesho kilikuwa kimekuja kwa basi la mchana.

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu sasa, na yeye amechukua kopo langu moja la choroko akaenda nalo bwenini. Wenzake wanamcheka. Ameniambia, "Bibi, niandikie huyo mtu alikuwaje, nimechoka kueleza." Ndiyo haya ninayoandika, kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko ni mbaya. Mkono huu umeanza kalamu ukubwani, baada ya kusukuma mwiko miaka mingi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha hadithi fupi chuo kikuu, Dar es Salaam. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Bibi zetu walitoa hadithi bure, tena na mihogo ya kuchoma juu, leo kuna mtu analipwa mshahara? Na hadithi zenyewe fupi! Nikamuuliza, "Kwani ndefu zinawashinda?" Akasema, "Fupi ndiyo ngumu, Mama Zuhura. Kwenye nyumba kubwa unaweza kuficha uchafu. Chumba kimoja, kila kitu kinaonekana." Sikumwelewa, lakini nilifagia chumba chake vizuri zaidi tangu siku hiyo.

Mimi nilikuwa mjane tayari, naye mwanamume, kwa hiyo alipanga kile chumba cha mbele chenye mlango wake wa barabarani. Alikuja kila mwisho wa juma na likizo zote. Chakula alipelekewa na mwanangu Zuhura, wakati huo kasichana ka shule ya msingi, na mimi nikisema naye nasemea dirishani. Choroko zilitoka kwa dada yangu aliyeko Fukayosi, maana huko ndiko nilikotoka mimi, shamba. Wake wa mjini hawakuniacha nisahau. Ati nimeolewa na karani wa forodha, nakula na watu, lakini ulimi bado una vumbi la Fukayosi. Sawa. Vumbi hilo ndilo lililolisha chuo kikuu choroko.

Alikuwa mtu wa ajabu katika mambo mengi. Alikuwa hodari wa kusoma hadithi za watu, lakini kusimulia hakuweza kabisa. Siku moja watoto wa mtaa walimzunguka, "Mwalimu, tupe hadithi!" Akaanza. Kabla sungura hajafika mtoni alisimama kujiuliza kwa nini sungura aende mtoni ilhali mvua imenyesha. Mtoto mmoja akasinzia, wengine wakaenda kucheza. Alibaki barazani peke yake na sungura wake.

Jambo jingine. Alisoma kila nukta ya maandishi ya watu asiowajua, lakini barua kutoka kwao Pangani alizilaza juu ya kabati wiki tatu, nne, hazijafunguliwa. Nikamwambia, "Labda kuna mgonjwa." Akajibu, "Labda." Akaendelea kumenya chungwa. Hilo silielewi mpaka leo na sitajifanya ninalielewa.

Machungwa alimenya vizuri mno. Wanafunzi aliowaleta barazani wakisoma, yeye alimenya, ganda likitoka utepe mmoja mrefu usiokatika, na chungwa likiisha alimpa yule aliyesema jambo la maana. Niliona vijana wakubwa, wanaume wenye ndevu, wakigombea chungwa kama watoto.

Na neno lake lilikuwa moja: "Nionyeshe mstari." Mwanafunzi akisema, huyu bwana katika hadithi ni mchoyo, anamwambia, "Nionyeshe mstari." Akisema, huyu mke hampendi mumewe, "Nionyeshe mstari." Kama mstari haupo, umeutoa kichwani mwako, na kichwa chako si hadithi. "Umeingia nyumba ya mtu," alikuwa akiwaambia, "usihamishie vyombo vyako."

Tabia hiyo aliileta hadi mtaani. Jirani yangu mmoja alikuja dirishani na umbea wake, mke wa fulani ameonekana mahali fulani na fulani. Mwalimu, anapita zake, akasema, "Nionyeshe mstari, mama." Yule jirani alikasirika, hakunisabahi mwezi mzima. Mimi nilifurahi. Nikaanza kuitumia sokoni. Muuza samaki akiniambia amevua alfajiri, "Nionyeshe mstari!" Anabaki kunikodolea macho, samaki naye macho mekundu.

Sasa niwaambie alivyowafundisha utafiti, maana hapo ndipo yalipoanza yaliyotukuta.

Zuhura alikua akisikiliza. Alipeleka sahani, akasimama mlangoni dakika moja, kisha kumi, kisha nikawa naita mpaka sauti inakauka. Alisoma, akafaulu, akaenda sekondari, na alipoingia chuo kikuu mtaa mzima ulijua, nilihakikisha. Akamkuta Mwalimu huko, safari hii anamfundisha kweli. Likizo moja Mwalimu akaja na wanafunzi wake, vijana saba na Zuhura wa nane, akawaambia, "Magazeti ya zamani ya maktabani hayatoshi. Yako humu mjini, kwenye makasha."

Ni kweli. Kwetu, kasha la nguo lilitandikwa magazeti ndani, yakabandikwa kwa uji wa unga wa muhogo ili mende wasipenye. Kabati vilevile, na rafu za vyombo. Basi wasomi wa chuo kikuu wakawa wanapita nyumba hadi nyumba, "Shikamoo mama, tunaomba kutazama chini ya kasha lako." Wengine walifukuzwa. Mama mmoja alidhani wanatafuta sukari ya magendo. Lakini wengi waliwafungulia, nguo zikatolewa, vijana wakapiga magoti vichwa vimezama ndani ya kasha, harufu ya udi na karafuu inawapaliza, wananakili hadithi neno kwa neno.

Na iliyo nzuri kuliko zote ilipatikana kwetu, ndani ya kasha la marehemu mume wangu. Zuhura ndiye aliyeiona. Ilikuwa nzima, isipokuwa kona moja iliyoliwa na mchwa, na kona hiyo ndiyo iliyokuwa na jina la mwandishi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke yuko chumba cha ndani. Shemeji yake anakuja kila Ijumaa, anasimama ukumbini, anadai ufunguo wa kasha la kakake. Mwanamke hatoki. Anamjibu kupitia mtoto, "Mwambie bado." Shemeji anatukana mbele ya watu, anamwita mwizi. Yeye hatoki, hajipaki mafuta, hafukizi udi, anafunga fundo moja kwenye uzi mweusi uliofungwa mguu wa kitanda, upande wa ukutani. Mafundo yanapofika kumi na manane, wanawake wanaingia. Wanamwogesha, wanamvika, mmoja mtu mzima anamnong'oneza jambo sikioni. Ndipo anatoka, anamwekea shemeji ufunguo mkononi mbele ya watu walewale, anarudi ndani. Imekwisha.

Mwalimu aliwaweka barazani kuisoma. Kwanza mmoja asome kwa sauti, wengine wafumbe macho. Ndiyo ilikuwa kanuni yake, mara ya kwanza kwa masikio tu. Mimi dirishani napepeta mchele.

Kijana mmoja mrefu wa bara akasema, "Mwanamke huyu ana kiburi. Kwa nini hatoki kusema naye?"

Mwingine akasema, "Ni mwizi kweli. Kwanza alitafuta nakala ya ufunguo."

"Mstari," akasema Mwalimu.

Wakasema mchawi, kwa sababu ya ule uzi. Wakasema mgonjwa. Wakasema amefungiwa na familia. Mimi ungo umesimama mkononi, nasubiri Zuhura aseme, lakini Zuhura naye anatafuta makubwa huko mbali. Nikashindwa.

"Yuko edani, nyie!"

Wote wakageuka kwenye dirisha.

"Kafiwa na mume. Ijumaa kumi na nane ndiyo miezi minne na siku kumi. Hajipaki mafuta kwa nini? Hatoki kwa nini? Na huyo shemeji anajua, ndiyo maana anakuja wakati huo, anamtukana mtu asiyeweza kutoka kujitetea. Wasomi gani nyie!"

"Lakini mama," akasema yule mrefu, "neno eda halimo."

"Na neno hewa limo? Mbona wanapumua?"

Mwalimu aliacha kumenya. Aliliweka chungwa chini. Kisha akauliza, taratibu, "Na uzi, Mama Zuhura?"

Nikazidi kuvimba. "Uzi ni wa kuhesabia. Huo hata wanaume wa humu hawaujui. Unafungwa upande wa ukutani, unaondolewa na wanawake, na siku ya kutoka mambo yanayofanyika mle ndani hakuna mwanamume aliyeyaona wala kuambiwa. Mume gani ataiona eda ya mkewe? Akiiona, basi kafufuka!"

Baraza ilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alinyanyuka, akaja dirishani, akanipa chungwa. Mimi, wa Fukayosi, nisiyejua alifu kwa kijiti, nikapewa chungwa mbele ya chuo kikuu. Sikulila siku ile. Nililiweka juu ya mtungi, kila aliyekuja nikamwonyesha.

Nimejivuna, ndiyo. Na majivuno hayohayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye shimo.

Zuhura aliichagua hadithi ile kwa tasnifu yake, ile kazi ndefu ya mwisho ambayo bila hiyo hawakupi shahada. Aliandika miezi. Akabaki na sura moja: nani kaitunga? Alizunguka, akauliza wazee, akaenda hadi Lugoba kwa mzee mmoja aliyewahi kuuza magazeti. Hakuna aliyejua. Siku zinakwisha, mtoto amekonda. Siku moja akaniuliza jikoni, "Mama, kwa nini baba aliiweka ile hadithi kwenye kasha lake?"

Sasa lazima niseme habari ya mume wangu. Alikuwa karani, na alikuwa anaandika. Aliketi na kalamu, akatia kwenye bahasha, akaipeleka posta, ikaenda Dar es Salaam gazetini. Kisha kila gazeti lililokuja alilifungua akipekua kurasa kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Halafu analikunja. Miaka kumi na moja nilimwona akilikunja gazeti vile. Alikufa akiwa hajawahi kujiona hata mara moja. Na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa sababu nilichojua kusoma kilikuwa jina lake tu, alinifundisha sura yake tulipooana.

Basi mtoto ananiuliza. Nami najua vizuri kwamba kasha lile nililitandika mimi, kwa magazeti ya kufungia yaliyotoka dukani, uji wa muhogo nimeukoroga kwa mkono wangu. Nikasema, "Aliiweka kwa kuwa ni yake. Nilimwona akiiandika."

Zuhura aliniangukia shingoni, akalia. Na mimi nikalia. Nilijisemea, nani ameumia? Marehemu ametokea gazetini, mtoto amepata sura yake, na wale wake wa mjini watasikia.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alipewa rasimu aisome. Alikaa barazani asubuhi nzima. Nilichungulia mara tano. Mwishowe akaniita dirishani. Kurasa zote zilikuwa tupu, safi, isipokuwa mmoja, juu yake choroko moja.

"Hapa pameandikwa, kwa mujibu wa mama mzazi, mwandishi ni marehemu baba."

"Ndiyo."

"Mama Zuhura, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mume haoni eda ya mkewe. Yeye aliuonaje uzi?"

Nikarukia: "Labda aliona ya mama yake."

"Ulisema hata wanaume wa humu hawaujui."

"Ulikuwa ukiandika kila nililosema?"

"Nilisikiliza tu," akasema. "Nionyeshe mstari, mama."

Nikamfungia dirisha.

Nilimpikia siku tatu bila chumvi. Mchuzi, maharage, hata uji, bila chumvi. Alikula, akarudisha sahani imefutika, akasema, "Ahsante, chakula kizuri." Hakumwambia Zuhura neno. Angeweza. Angeweza kuifuta kwa kalamu nyekundu, akamaliza. Alimwambia tu, "Sura ile bado sijaiondolea choroko," na mtoto hakuelewa, akaendelea kunakili kazi yake kwa mwandiko safi, maana siku ya kuiwasilisha ilibaki juma moja na nusu.

Siku ya nne niliingia chumbani kwa Zuhura kumpelekea chai. Ameinama mezani. Kwenye ukurasa, juu kabisa, kwa herufi kubwa nzuri, nikaliona lile jina la mume wangu. Ndilo pekee nililokuwa nalijua kwa sura katika maandishi yote ya dunia. Halikunifurahisha. Lilinitazama kama mtu aliyevalishwa kanzu ya kuazima na kusimamishwa mbele ya watu.

Nikaweka chai. Nikamwambia, "Zuhura, nimesema uongo. Hakuiandika baba yako. Aliandika nyingi, hakuna iliyotoka."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifunika kalamu, akauliza, "Mwalimu anajua?" Nikasema anajua. Akakusanya karatasi, akapanda basi la asubuhi.

Aliandika sura nzima upya, usiku na mchana, akaiwasilisha siku ileile iliyopangwa. Alisema humo kwamba mwandishi hajulikani, na kwamba kwa ushahidi wa uzi, wa mguu wa kitanda na wa wale wanawake, yaelekea ni mwanamke, tena aliyewahi kukaa eda mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo kabla yake. Alifaulu. Lakini si kwa alama alizokuwa akizitarajia, na aliyempa alama ni Mwalimu huyuhuyu.

Nilimwendea juu juu. "Miaka yote hii unakula kwangu, Mwalimu, na hii ndiyo alama?"

"Chakula chako kilikuwa kizuri, Mama Zuhura. Sura ya nne ilikuwa ya haraka."

"Haraka hiyo ni kosa langu!"

"Najua. Lakini wewe huna jina kwenye jalada."

Ramadhani ile Zuhura alifuturu kwa jirani. Mwezi mzima. Mimi napika tambi, naweka sahani mbili, nakula moja. Alirudi siku ya Idi, akaketi, akala, yakaisha bila maneno. Akaniletea tasnifu imefungwa jalada, akanisomea ukurasa wa shukrani: "Msomaji wa kwanza aliyeielewa hadithi hii ni mama yangu, ambaye hajui kusoma."

Nilifurahi kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilinichoma hadi kwenye mfupa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Chini kabisa ya kasha, chini ya yale magazeti yaliyobanduliwa, zilipatikana karatasi mbili za mwandiko wa mume wangu. Nilimpelekea Mwalimu. Nikamwambia, "Nisomee." Akazishika, akazitazama kidogo, akanirudishia.

"Hizi ni zako. Kisomo cha wanawake kipo kila alasiri pale shuleni."

"Nina miaka arobaini na..."

"Karatasi zimesubiri. Zitasubiri."

Nilimtukana, sifichi. Nikamwita mchoyo wa macho. Kesho yake nikaenda kisomo. Niliketi kwenye dawati la mtoto magoti yananigonga kidevu, mwalimu wetu msichana wa rika la Zuhura, na kila herufi niliyokwama niliweka choroko juu yake. Wenzangu walidhani nimekuja na mboga.

Yeye akastaafu, akarudi kwao Pangani. Siku ya kuhama alinirudishia ufunguo na kikombe cha choroko kimejaa pomoni. "Hizi ndizo zilizopata majibu," akasema. Nilizipika. Zilikuwa na fukusi, lakini nilizipika.

Miaka ikapita. Zuhura aliolewa na mwalimu mwenzake, wakahamishiwa upande wa Pangani, na mwishoni mwa miaka ya sabini akajifungua msichana. Nikafunga safari kwenda kumwona mjukuu. Siku ya saba nikamfunga kichanga kwa kanga, nikauliza nyumba ya Mwalimu wa Hadithi. Huko walimwita Mwalimu Mstaafu tu, hawakujua walicho nacho.

Alikuwa amepungua, nywele nyeupe, bado anamenya chungwa. Shingo ya kanzu imemlegea. Alimtazama mtoto, akanitazama.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Usinizeeshe! Tuko rika moja."

"Umekuwa bibi. Lazima niamkie."

Tukaketi. Nikamwambia nimesoma zile karatasi za marehemu. Ilinichukua mwaka na nusu wa kisomo, lakini nimezisoma, mwenyewe, mpaka mwisho.

"Ehe?"

"Mbaya, Mwalimu. Mbaya sana. Kuna simba anaongea, kisha kuna mfalme, kisha simba haonekani tena. Nilipolifikia lile neno la mwisho nilikuwa nalia, lakini hadithi ni mbaya."

Akatikisa kichwa polepole. "Niliona mistari mitatu ya juu."

"Ulijua! Na ukanipeleka kwenye dawati la watoto!"

"Ningekuambia mimi kwamba ni mbaya, ungenipikia bila chumvi mpaka leo."

Tulicheka hadi mtoto akaamka. Nikambembeleza. Yeye akaingia ndani, akatoka na mkebe wake wa vipande vya magazeti, akafungua, akatoa ile hadithi ya ufunguo. Zuhura alimwachia aitunze. Ilikuwa ndani ya bahasha mbili za karatasi, na aliponyoosha ukurasa kwenye mkeka, choroko moja, imenyauka imekuwa nyeusi, ilikuwa imebanwa palepale, imeacha alama yake kwenye karatasi.

Nikainama nisome mahali ilipo. Nilisoma mwenyewe, bila kusaidiwa, naye akinisubiri nimalize. *Mtu mzima wao akamwinamia, akamnong'oneza jambo sikioni.*

"Hii haijawahi kuingia kikombeni," akasema. "Miaka yote. Zuhura alikuwa hajui, hajakaa eda, na Mungu amwepushie. Wanafunzi wangu walibahatisha. Nilikuwa nataka kukuuliza wewe siku ileile ya dirishani, nikaona haya. Mwanamke yule alitukanwa Ijumaa kumi na nane. Akaambiwa neno moja, akatoka na ufunguo mkononi, hana hasira. Aliambiwa nini?"

Sijawahi kumwona akiomba kitu. Hata chumvi hakuiomba. Na mimi ninalijua neno hilo. Niliambiwa sikioni mwangu, uzi wangu ulipokatwa, na mama mmoja ambaye sasa yuko kaburini. Nilimtazama mtu huyu aliyenifanya msomaji kabla sijajua kusoma, amezeeka, ananisubiri. Kumwambia kungenichukua muda wa kumeza mate tu.

Nikamgeuzia ukurasa, nikauweka sawa mbele yake.

"Nionyeshe mstari, Mwalimu."

Alinitazama. Kisha uso wote ukafunguka, na alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho kwa shingo ya kanzu. Akaiokota ile choroko, hakuitia kikombeni, akaniwekea kiganjani. Mimi nikaifunga pindoni mwa kanga iliyombeba mtoto. Yeye akachukua chungwa alilokuwa amelimenya, akanipa.

Safari hii nililila palepale.